Shahada ya Uuguzi Tanzania: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua, hadi Leseni Mkononi

Kila mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali huwa lile lile: "Nina divisheni two ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), mbona uuguzi wamenikataa?" Oktoba linakuja la pili: "Nimechaguliwa, lakini mkopo umegoma kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa." Miaka minne baadaye linafuata la tatu, na hili ndilo linaloumiza zaidi. Ni la mhitimu mwenye shahada kabatini ambaye kisheria haruhusiwi kumchoma mgonjwa sindano kwa sababu hana leseni.

Hawa si watoto wavivu. Wengi wamesoma usiku na mchana. Wanakwama kwa sababu walipiga hesabu ya alama kwa namna ambayo chuo hakiitumii, au jina lao lina sura tatu kwenye vyeti vitatu, au waliamini kwamba siku ya mahafali ndiyo mwisho wa safari. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao na kwa wazazi wanaowalipia nauli. Unahusu Tanzania, na unaanzia kwenye karatasi kwa kuwa huko ndiko wanakopotelea wengi.

## Andaa hivi kabla ya kugusa fomu yoyote

- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kuwa nacho tu hakutoshi. Bodi ya Mikopo inataka kilichohakikiwa.
- Kitambulisho cha taifa cha NIDA, au namba yake kama kadi yenyewe haijatoka.
- Namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita, pamoja na mwaka. Ziandike mahali pamoja na uzinakili vile vile kila unapoombwa.
- Vyeti au hati za matokeo zilizoskaniwa vizuri. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole haifai.
- Kwa mwenye diploma: namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ile inayoitwa AVN. Bila hiyo mfumo wa chuo hautakutambua.
- Barua pepe na laini ya simu iliyo yako mwenyewe. Laini ya mjomba au ya kijana wa steshenari haifai, na sababu utaiona katika hatua ya nne.
- Picha za pasipoti na fedha ya ada ya maombi. Kila chuo kina ada yake, kwa hiyo maombi ya vyuo vitatu ni ada tatu.

Sasa weka karatasi zote mezani, sambamba, usome jina lako herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanaamisi, NIDA imeandika Mwanahamis. Wewe unajua ni mtu mmoja, lakini mfumo wa kompyuta unaona watu watatu. Kosa kama hilo unaweza kulibeba kimya hadi siku ya kuomba leseni au ajira, na siku hiyo ndipo litakapokusimamisha.

Likiwepo, lishughulikie mapema. Kosa la herufi kwenye cheti cha kuzaliwa linarekebishwa RITA, la NIDA ofisini kwao wilayani. Majina yakiwa yametofautiana kabisa, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo ya jina na uisajili inavyotakiwa. Cheti cha mtihani ndicho kigumu kuliko vyote kubadilisha, hivyo mara nyingi ni busara kuzivuta karatasi nyingine zifuate jina lililoko kwenye cheti cha kidato cha nne. Meza ikiwa na jina moja kila mahali, endelea.

## Hatua ya 1: Chagua mlango wako

Kwanza niseme jambo ambalo watu hawaambiwi. Shahada sio njia pekee ya kuwa muuguzi aliyesajiliwa. Mwenye diploma ya uuguzi ya miaka mitatu, yaani ngazi ya sita ya NTA (ngazi za tuzo za ufundi), naye husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Tofauti ni kada: wa diploma huajiriwa serikalini kama Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada kama Afisa Muuguzi. Mshahara wa kuanzia unatofautiana, na hata milango ya shahada ya uzamili na ya ualimu wa vyuo haifunguki kwa namna moja.

Milango ya kuingilia shahada ni miwili.

Mlango wa kidato cha sita. Unasoma PCB, unaomba moja kwa moja, unakaa chuoni miaka minne. Hii ndiyo njia fupi kwa mwenye alama.

Mlango wa diploma. Unaanza na diploma, unapata leseni, unafanya kazi, kisha unaomba shahada. Ili kuingia diploma, NACTVET inataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Njia hii ni ndefu, lakini kwa familia isiyo na uwezo ninaiheshimu sana, maana baada ya miaka mitatu una taaluma mkononi na unaweza kujilipia mwenyewe. Usikubali mtu akuambie ni njia ya walioshindwa.

Kama bado uko kidato cha nne, soma hapa kwa makini. Orodha ya tahasusi (michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, au kombi) imepanuka sana tangu 2024, na majina mengi yenye Kemia na Baiolojia ndani yake yanashawishi. Vyuo vingi vya uuguzi vinataka Kemia, Baiolojia, na somo la tatu liwe Fizikia, Hisabati ya juu au Lishe. Jiografia haimo. Mwanafunzi wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) mwenye alama nzuri kabisa anaweza kukataliwa uuguzi kwa ajili ya hilo tu. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, serikali hufungua mfumo wa kubadilisha tahasusi kwa muda maalumu. Ingia humo uhakikishe kombi yako ni PCB au CBN (Kemia, Baiolojia na Lishe).

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya alama kama chuo kinavyopiga

Hapa ndipo wanapoanguka wengi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Baraza la Mitihani linapokupa divisheni, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi zikiwa chache, umefanya vizuri.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kinyume. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Hapa pointi zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Kwa hiyo mwongozo wa udahili ukisema "pointi zisizopungua 6", usizitafute kwenye karatasi ya matokeo. Zihesabu upya.

Kigezo kilichozoeleka kwa shahada ya uuguzi katika miongozo ya TCU ni prinsipo tatu zenye jumla ya pointi 6, Kemia isipungue C, Baiolojia isipungue D, na somo la tatu lisipungue E. Prinsipo maana yake ni alama kuanzia E kwenda juu. S haihesabiki.

Tuwachukue wanafunzi wawili wa PCB.

Wa kwanza ana Kemia C, Baiolojia D, Fizikia E. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani ana pointi 12, divisheni ya pili ya mwisho kabisa. Kwa hesabu ya TCU ana 3 na 2 na 1, jumla 6. Anakidhi.

Wa pili ana Baiolojia A, Kemia D, Fizikia S. Baraza la Mitihani linampa pointi 11, divisheni ya pili iliyo bora kuliko ya mwenzake. TCU inampa 5 na 2 na nusu, jumla 7.5. Kwa jumla kavu amemzidi mwenzake. Lakini Kemia yake ni D badala ya C, na Fizikia yake ni S ambayo si prinsipo. Hakidhi. Huyu ndiye anayelia kila mwaka kwamba ameonewa.

Kwa mwenye diploma, kigezo kilichozoeleka ni wastani wa B au GPA ya 3.0 kwenye diploma ya uuguzi, pamoja na alama za D kwenye masomo ya msingi ya kidato cha nne. Wengi husahau sehemu hiyo ya pili. Diploma yako inaweza kung'aa na F ya Hisabati au Kiingereza ya kidato cha nne ikakurudisha nyumbani.

Onyo. Mwongozo wa TCU hutoka upya kila mwaka na vyuo havifanani. Pakua wa mwaka unaoomba, nenda kwenye ukurasa wa chuo husika, soma mstari wa programu yako wote. Wa mwaka jana usiutumie.

Ukikuta hukidhi, una njia mbili za maana: kurisiti somo lililokuangusha kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kwenda diploma. Kuomba vyuo saba ukitegemea bahati ni kuchoma fedha, kwa sababu mfumo unachuja kabla mtu hajasoma jina lako.

Hatua hii umeimaliza ukiwa na karatasi yenye alama zako upande mmoja na vigezo vya chuo upande wa pili, na hakuna mstari hata mmoja unaopungua.

## Hatua ya 3: Kagua chuo, kisha kagua programu

Kaguzi ziko mbili, na zote mbili ni lazima. Chuo kiwe kimetambuliwa na TCU, na programu yenyewe ya uuguzi iwe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku programu fulani ikiwa imesimamishwa kudahili mwaka huo.

Vyuo vinavyofahamika kwa shahada hii ni pamoja na MUHAS iliyoko Upanga, Dar es Salaam, na UDOM ya Dodoma, vyote vya umma. Kwa upande wa binafsi na vya dini vipo KCMC Moshi, CUHAS Bugando jijini Mwanza, Kairuki na Aga Khan jijini Dar es Salaam, na St. John's Dodoma. Aga Khan kimekuwa na programu ya kuwaendeleza wauguzi wenye diploma walioko kazini, jambo la kuulizia kama hutaki kuacha ajira.

Ushauri wangu: ukiwa na uhuru wa kuchagua, angalia hospitali kabla ya majengo ya chuo. Uuguzi unajifunziwa kitandani kwa mgonjwa. Chuo kilichopakana na hospitali ya rufaa kitakuonyesha magonjwa, uzazi mgumu na upasuaji ambao darasani ungebaki kuusoma tu. Uliza wanafunzi wa mwaka wa tatu wanakwenda wodi zipi, na kwa siku wanagombania mgonjwa mmoja wangapi.

Soma pia jina lote la programu. MUHAS, kwa mfano, ina shahada ya uuguzi, ina ya ukunga, na ina ya uuguzi wa usingizi na ganzi. Ni programu tatu tofauti.

## Hatua ya 4: Omba, kisha thibitisha

Maombi yanatumwa moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo. Dirisha hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita na huwa na awamu kadhaa. Omba awamu ya kwanza. Nafasi za uuguzi katika vyuo vya umma hujaa haraka, na awamu za mwisho hubaki na programu zilizokosa watu.

Kijana aliyeko JKT wakati huo amwachie mzazi au kaka nakala za kila kitu na nywila yake. Usimwachie mtu wa steshenari akufungulie akaunti kwa barua pepe yake. Ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu au kupitia akaunti yako. Muda wa kuthibitisha ni mfupi. Ujumbe ukienda kwenye laini isiyo yako, nafasi inapotea wakati wewe uko kijijini unasubiri simu.

Umefanikiwa pale akaunti inapoonyesha umethibitishwa na una barua ya udahili yenye jina la programu, tarehe ya kuripoti na mchanganuo wa ada. Kuliona jina lako kwenye orodha ya kwanza peke yake hakutoshi.

## Hatua ya 5: Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo)

Omba mkopo sambamba na chuo. Ukisubiri uchaguliwe kwanza, dirisha litakuwa limefungwa.

Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa OLAMS. Mlolongo ni huu: jaza, chapisha fomu, peleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji asaini na kugonga muhuri, peleka kwa wakili au hakimu kwa ajili ya kiapo, mdhamini asaini, skani kurasa zilizosainiwa, zipandishe tena kwenye mfumo. Wengi huchapisha, huzungusha kupata mihuri yote, kisha husahau kupandisha. Fomu ya namna hiyo haijatumwa.

Mambo matatu yanayoangusha:

- Namba ya kidato cha nne iwe ile ile uliyoombea chuo. Aliyerisiti ana namba mbili, basi achague moja na aitumie kote.
- Uyatima, ulemavu, au kaya kuwa kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini ni hoja zinazohitaji ushahidi. Cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe kama cha kuzaliwa.
- Jina tena. Rudi mezani.

Ukikosa au ukipewa kidogo, liko dirisha la rufaa. Litumie ukiwa na nyaraka mpya. Malalamiko matupu hayana uzito. Na mzazi ajue tangu mwanzo kuwa ni deni: mhitimu akiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

## Hatua ya 6: Kabla ya kuripoti

Chanja homa ya ini B. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Ukianza mara upatapo barua ya udahili, utakuwa na kinga nzuri kabla hujaanza kushika sindano na damu. Usisubiri chuo kikukumbushe.

Vifaa vya kununua si vingi: sare kwa maelekezo ya chuo, viatu vilivyofunika vidole, stethoskopu, na saa yenye mshale wa sekunde. Saa hiyo ni kifaa cha kazi. Mapigo na upumuaji vinahesabiwa kwa saa, na kwa mtoto upumuaji unahesabiwa dakika nzima, kwani pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

## Hatua ya 7: Kuivuka miaka minne bila kudisko (kuondolewa chuoni)

Mwaka wa kwanza ndio mchujo. Anatomia, fiziolojia, baiokemia, maikrobiolojia na misingi ya uuguzi vinakuja kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwa kasi ambayo sekondari hukuizoea. Sapu (mitihani ya marudio) nyingi huzaliwa hapa. Sapu moja inavumilika. Zikirundikana unakeri (unabeba somo hadi mwaka unaofuata), na keri zikizidi unadisko. Usomaji wa wiki ya mwisho, uliokupitisha kidato cha sita, hapa haukuvushi. Soma kila siku kile kilichofundishwa siku hiyo, na majaribio ya katikati ya muhula uyachukulie kama mtihani wenyewe, maana alama zake zinaingia kwenye jumla.

Miaka inayofuata inaleta famakolojia, uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji, watoto, ukunga, afya ya akili, afya ya jamii, uongozi na utafiti. Utafiti wa mwaka wa nne huwachelewesha watu wenye akili nzuri kabisa, kwa kuwa kibali cha kamati ya maadili kinachukua muda. Chagua mada ndogo, ya hospitali unayoweza kuifikia kwa daladala, na uombe kibali mapema.

### Wodini

Daftari la mazoezi, wanaloliita logibuku, lisainiwe siku ile ile ulipofanya kazi. Usiache saini za mwezi mzima kwa siku moja. Inchaji (muuguzi kiongozi) wa wodi anabadilika zamu, anahamishwa, anakwenda likizo, na asiyekumbuka kukuona hawezi kukusainia kwa haki.

Nawa mikono katika nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Mtihani wa vitendo utakuuliza hilo, na maisha ya mgonjwa yanalitegemea zaidi ya mtihani.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mwambie inchaji papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, na zinamezwa siku 28. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kugombezwa. Nakusihi, usifiche. Kugombezwa kunaisha jioni.

### Hesabu za dozi: zifanye hadi zikuzoee

Hapa sina huruma, kwa sababu kosa la nukta moja linaua mtoto. Kanuni ni moja: kiasi kilichoagizwa, gawanya kwa kiasi kilichomo, zidisha kwa ujazo uliobeba kiasi hicho.

Daktari ameagiza amoksilini miligramu 250. Chupa ina miligramu 125 katika mililita 5. 250 gawanya kwa 125 ni 2, mara 5 ni mililita 10.

Mtoto ana kilo 12, parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180. Sharubati ina miligramu 120 katika mililita 5. 180 gawanya kwa 120 ni 1.5, mara 5 ni mililita 7.5.

Dripu ya mililita 1000 iingie kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita. 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: matone 42 kwa dakika baada ya kukadiria. Idadi ya matone kwa mililita imeandikwa kwenye pakiti ya mpira, na mipira haifanani, hivyo isome kila mara.

Andika 0.5, kamwe usiandike .5, maana nukta ikififia mwenzako atasoma 5. Vile vile andika 5, usiandike 5.0, isije ikasomwa 50. Jibu likikushangaza, kwa mfano hesabu ikikutaka uvunje vichupa sita kwa mgonjwa mmoja, simama. Mwite mwenzako ahesabu peke yake bila kuona jibu lako. Mkifika mahali pamoja, toa dawa.

## Hatua ya 8: Utarajali wa mwaka mmoja

Ukimaliza miaka minne hujamaliza. Unatakiwa kufanya utarajali wa mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa, ukizunguka idara kuu. Nafasi zinaombwa kupitia mfumo wa Wizara ya Afya, na matangazo yake yana tarehe za mwisho kama yale ya chuo. Fuatilia transkripti yako mara matokeo yanapopitishwa na seneti. Anayesubiri siku ya mahafali mara nyingi anakuta wenzake wameshapangiwa vituo.

Huanzi utarajali bila kibali cha Baraza la Uuguzi na Ukunga kinachokuruhusu kufanya kazi chini ya usimamizi. Kipate kwanza.

Mwaka huu una thamani kuliko watu wanavyoupa. Ndio mwaka pekee ambao unabeba wagonjwa wako mwenyewe huku mkubwa wako yuko hatua chache tu. Omba kupangiwa zamu za usiku wodi ya wazazi. Jifunze kukabidhi zamu kwa maneno machache yaliyonyooka: mgonjwa ni nani, ana nini, amefanyiwa nini, nini kinasubiriwa. Ukimaliza kila idara, hakikisha tathmini yako imesainiwa na kugongwa muhuri kabla hujahamia nyingine.

## Hatua ya 9: Mtihani wa Baraza, usajili na leseni

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ndiyo inayoamua nani aitwe muuguzi Tanzania. Kwa sheria hiyo, kufanya kazi ya uuguzi bila usajili na leseni ni kosa, hata kama una shahada ya daraja la kwanza. Mwenye zahanati akikuambia "anza tu, leseni itakuja", kataa. Dawa ikileta madhara, utasimama peke yako.

Baraza hutangaza tarehe za mtihani wa leseni, mahali pa kufanyia na namna ya kujisajili. Tembelea matangazo yake mara kwa mara tangu mwaka wa nne. Mtihani unapima kazi: kipi kianze, dozi ipi, dalili gani ya hatari isipite, maadili yanasemaje. Ndiyo maana anayekariri madesa ya miaka iliyopita hujikuta pagumu, na aliyeshika wagonjwa anatulia.

Maombi ya usajili yanataka transkripti na cheti, vyeti vya sekondari, uthibitisho wa utarajali, picha na ada. Usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili unakuweka kwenye daftari la wauguzi. Leseni ndiyo inayokuruhusu kufanya kazi, nayo ina tarehe ya mwisho. Kuihuisha kunahitaji kulipa na kuonyesha umeshiriki mafunzo endelevu ya kitaaluma. Tunza vyeti vya kila semina unayohudhuria tangu siku ya kwanza.

Ukishika karatasi yenye namba yako ya usajili na leseni ambayo haijaisha muda, sasa wewe ni muuguzi.

## Hatua ya 10: Kazi

Ajira za serikali hupitia mtandaoni, hasa Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti mapema, jaza wasifu wote, pandisha vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Matangazo hukaa wazi siku chache, na siku ya mwisho mfumo huelemewa. Kwenye kuchagua vituo, anayekubali wilaya za mbali ana nafasi kubwa kuliko anayeng'ang'ania Kinondoni. Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi huajiri mwaka mzima, kwa hiyo zipelekee barua bila kusubiri tangazo.

Wanaotazama nje ya nchi wajue kwamba leseni ya Tanzania haivuki mpaka yenyewe. Marekani kuna mtihani wa NCLEX-RN. Uingereza kuna uthibitisho wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo chini ya baraza lao. Nchi za Ghuba nazo zina mitihani yao, na nyingi hudai uzoefu wa kazi baada ya leseni. Kote huko watahitaji barua kutoka Baraza letu ikithibitisha usajili na mwenendo wako mzuri. Wakala akikuomba cheti chako halisi akakitunze, mpe nakala iliyothibitishwa, cheti kibaki kwako.